Kijana wa Miaka 27 na Mkono wa Koitalel: Uongozi Unafundishwa Wapi?

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa mbele ya Waafrika Mashariki tunaoishi Birmingham, katika ukumbi mmoja wa mtaa wetu wa Alum Rock. Waliokosa kufika waliniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema, nimepunguza utani tu.)

Vijana mliokaa nyuma na simu zenu, nawaona, na leo nina neno nanyi.

Mimi si mwanahistoria. Ni muuguzi. Nilisomea Dar es Salaam na sasa nabeba zamu za usiku hapa kwa watu, kama wengi wenu. Kwa hiyo mtu anaweza kuuliza, muuguzi na habari za vita vya wakoloni wapi na wapi? Nitaeleza.

Miaka michache iliyopita nilipandishwa ngazi, nikapelekwa kwenye mafunzo ya uongozi ya siku mbili. Mkufunzi alikuwa mtu mzuri, mcheshi. Siku ya pili akatupa mfano wa maofisa vijana wa jeshi la Kiingereza wa zamani, wale waliopelekwa mipakani mwa himaya wakiwa na miaka ishirini na kitu, mbali na wakubwa wao, wakalazimika kuamua peke yao. Akasema: huko ndiko uongozi ulikozaliwa. Kijana anapewa watu mia, lugha haijui, nchi haijui, na kabla ya jioni lazima aamue.

Darasa likatikisa vichwa kukubali. Nikamtazama mwenzangu tuliyekaa naye, dada mmoja Mkenya kutoka Nandi Hills. Yeye hakutikisa kichwa. Wakati wa chai akaniambia, "Dada, kwetu huyo kijana alifika. Tunamjua kwa jina."

Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Mliyoyaomba leo ndiyo hayo.

JINA LENYEWE

Jina lake ni Richard Meinertzhagen. Alizaliwa London mwaka 1878 katika ukoo tajiri wa mabenki. Mama yake mdogo alikuwa Beatrice Webb, yule msomi wa siasa za kijamaa za Uingereza, kwa hiyo msidhani alitoka katika nyumba ya watu wajinga. Alipata cheo cha uofisa mwaka 1899, akatumikia India, na mwaka 1902 akashuka Mombasa kujiunga na King's African Rifles, KAR, jeshi lililokuwa limeundwa mwaka huohuo kwa kuunganisha vikosi vya askari wa Kiafrika chini ya maofisa wa Kiingereza. Alikuwa na miaka 24.

Tunamjua vizuri kwa sababu aliandika. Shajara yake ya miaka 1902 hadi 1906 ilichapishwa kama kitabu mwaka 1957. Anaeleza wanyama aliowaua, ndege aliowakusanya, maofisa wenzake ambao aliwaona walevi na wenye madeni, na watu aliowaua. Yote katika kitabu kimoja, na sauti ni ileile.

Septemba 1902, miezi michache tu baada ya kufika, alikuwa nchi ya Wakikuyu, upande wa Murang'a. Kwa maelezo yake, Mzungu mmoja aliuawa kikatili na watu wa kijiji fulani. Yeye akatoa amri kwamba kila kiumbe hai kijijini humo kiuawe isipokuwa watoto, na nyumba zichomwe moto. Anaandika mwenyewe kwamba amri ilitekelezwa. Mwaka 1904 alikuwa katika msafara mwingine, dhidi ya Wairiaini, karibu na Mlima Kenya. Taarifa ya serikali ilitaja waliouawa kuwa 796. Yeye katika shajara anasema walikaribia 1,500. Ofisa mmoja, tukio moja, hesabu mbili. Hili liwekeni akilini, nitalirudia.

Kwa nini vita hivyo vyote? Kwa sababu ya reli, na baada ya reli, ardhi. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwishoni mwa 1901. Na nawaombeni msidhani Birmingham haimo. Joseph Chamberlain, aliyekuwa meya wa mji huu kuanzia 1873 hadi 1876, yule ambaye uwanja wa katikati ya mji unaitwa kwa jina lake, ndiye aliyekuwa Waziri wa Makoloni wa Uingereza kuanzia 1895 hadi 1903. Kenya ilikuwa bado chini ya Wizara ya Mambo ya Nje, lakini Desemba 1902 Chamberlain alipita Mombasa akapanda reli hiyo kutazama nchi. Mwaka uliofuata serikali yake ikawatolea viongozi wa Kizayuni ardhi katika nyanda za Uasin Gishu, hapo hapo jirani na Wanandi. Wao hatimaye waliikataa. Wenyeji hawakuulizwa. Na Small Heath, mwendo mfupi kutoka hapa, ndipo kilipokuwa kiwanda kikubwa cha bunduki cha BSA.

Kwa hiyo tunapopita mitaa hii na mifuko yetu ya mchele, tunapita juu ya historia yetu wenyewe. Haijaandikwa ukutani tu.

MKONO

Sasa twende Nandi.

Wanandi walipigana na Waingereza kwa takriban miaka 11, kuanzia 1895. Kiongozi wao alikuwa Koitalel arap Samoei. Cheo chake kiliitwa orkoiyot: hakuwa mfalme wala jemadari kama tunavyoelewa, alikuwa kiongozi wa kiroho ambaye bila baraka yake vijana hawaendi vitani. Baba yake, Kimnyole, alishika cheo hicho kabla yake, na Wanandi wenyewe walimuua mwaka 1890 walipomlaumu kwa balaa zilizowapata. Inasimuliwa kwamba kabla ya kufa alitabiri nyoka atakayetoka kwenye bahari ya mashariki akitema moshi, aende mpaka ziwa la magharibi. Reli ilipofika, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

Fikirini mtu anayerithi cheo ambacho baba yake alikifia mikononi mwa watu wake mwenyewe. Mkufunzi wetu alitaka mfano wa mtu anayeamua chini ya mzigo mzito. Huyo hapa.

Wanandi walishambulia reli, wakachukua chuma na nyaya za simu wakafulia silaha na mapambo. Misafara ya kuwaadhibu ilitumwa mara kwa mara. Mwaka 1905 serikali ikaandaa mkubwa kuliko yote, uanze tarehe 21 Oktoba. Meinertzhagen alikuwa kwenye boma la Nandi. Yeye aliamini kwamba Koitalel akiondolewa, vita vitakwisha kabla havijaanza. Akamwita kwenye mazungumzo ya amani.

Tarehe 19 Oktoba 1905, siku mbili kabla ya msafara, walikutana kwenye kilima karibu na pale panapoitwa leo Nandi Hills. Koitalel alinyoosha mkono kusalimiana. Baada ya hapo kuna hadithi mbili. Meinertzhagen anasema Koitalel alimvuta, mishale ikaanza kuruka, ulikuwa mtego, naye akajitetea. Wanandi wanasema Koitalel alikwenda kwa amani na alipigwa risasi mkono wake ukiwa mkononi mwa mgeni. Koitalel alikufa hapo pamoja na wenzake zaidi ya ishirini.

Msafara ukaanza kama ulivyopangwa. Wanandi waliouawa katika vita hivyo walihesabiwa zaidi ya 1,100. Ng'ombe wapatao 16,000 na mbuzi na kondoo wapatao 36,000 walichukuliwa. Waliosalia wakasukumwa kaskazini, mbali na reli, na ardhi nzuri ikaenda kwa walowezi. Chai mnayokunywa jioni hii huenda imechumwa huko.

Meinertzhagen alichunguzwa. Si mara moja, mara tatu. Mara zote alisafishwa. Lakini minong'ono haikwisha, hata miongoni mwa Wazungu wenzake, na mwaka 1906 aliondolewa Afrika Mashariki. Hakufukuzwa jeshini. Alirudi vita vya 1914, akawa mkuu wa upelelezi wa Waingereza upande wetu, akapanda vyeo, akafa mzee mwaka 1967.

ALIFUNDISHWA NA NANI?

Mkufunzi wetu alisema kijana yule alijifunza uongozi peke yake porini. Si kweli. Hakuna anayejifunza peke yake. Mimi naona alikuwa na shule tatu.

Kwanza, alifundishwa na mfumo. Mwaka 1896 ofisa mmoja, Charles Callwell, alitoa kitabu cha mafunzo juu ya kile walichokiita vita vidogo. Humo imeelezwa wazi kwamba adui asiyesimama uwanjani upigane naye, umpate kupitia mali yake: chukua mifugo, haribu mazao, choma vijiji. Mwaka 1897 kijana wa miaka 22 aitwaye Winston Churchill alikuwa kwenye mpaka wa India na Afghanistan, upande wa Malakand, akiandika habari za kampeni ambapo vijiji vilichomwa na visima vikafukiwa. Malakand leo iko Pakistan. Majirani zetu wa Alum Rock, hawa tunaonunua kwao vitambaa na nyama halali, wengi asili yao ni Pakistan. Nilipomsimulia mzee mmoja habari za Nandi, akacheka kidogo akasema kwao watoto walisimuliwa hivyohivyo, majina tu tofauti. Kwa hiyo alichofanya Meinertzhagen hakikuwa wazimu wa mtu mmoja. Ulikuwa ni mtaala.

Na mtaala huo uliwashtua hata waliousoma. Mwanzoni mwa 1908 Wagusii wa Kisii walishambuliwa baada ya Otenyo kumchoma mkuki ofisa wa wilaya, Northcote. Churchill huyohuyo, sasa naibu katika Wizara ya Makoloni, akaandika kulalamika juu ya kuuawa kwa watu wengi kiasi kile wasioweza kujitetea. Alijua alichokuwa anakisema, maana alikiona. Lakini mauaji yalikwisha kufanyika, na walioyafanya waliendelea na kazi.

Pili, alifundishwa na askari wake. Hapa ndugu zangu naomba tusiumane. Ofisa mmoja hachomi kijiji peke yake. Askari wa KAR walikuwa Wasudani, Waswahili, na watu wa makabila mengi ya kwetu. Masajini wa Kisudani walikuwa wamepigana vita kabla hata kijana huyu hajanyoa ndevu. Wao ndio waliojua namna ya kulala porini, kupanga walinzi, kusoma njia. Katika vita vya Nandi walikuwepo pia mamia ya Wamaasai waliokodiwa, na malipo yao yalikuwa sehemu ya ng'ombe waliotekwa. Upande wetu wa Wajerumani ilikuwa hivyohivyo. Siwataji kuwalaumu vizazi vyao. Nawataja kwa sababu kila uchaguzi ukikaribia nyumbani, tunasikia kabila gani liliwasaliti nani. Mwaka 2007 na 2008 tuliona Uasin Gishu na Nandi zikiwaka moto juu ya ardhi ileile iliyochukuliwa 1905. Aliyeichukua alikuwa ameshaondoka, tukabaki kuuana sisi tuliogawiwa mabaki.

Tatu, na hili ndilo lililonileta mbele yenu, alifundishwa na kunyamaziwa. Mwaka 1902 aliua kijiji na akapewa kazi nyingine. Mwaka 1904 taarifa ya mauaji ilipunguzwa na akaona inawezekana. Ilipofika 1905 alikuwa amekwisha kufuzu. Mtu hafiki kwenye kilima cha Nandi kwa siku moja. Anapandishwa ngazi kwa ngazi na wale wanaoona na kunyamaza.

KAMA HUKUANDIKA, HUKUFANYA

Wauguzi mliomo humu mnaijua kanuni ya kwanza tuliyofundishwa: kama hukuandika, hukufanya. Umempa mgonjwa dawa saa nane usiku? Iko wapi saini? Umemgeuza asipate vidonda? Iko wapi?

Kanuni ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza: ulichoandika usikibadilishe baadaye. Ukikosea, piga mstari mmoja, kosa lisomeke, andika sahihi, tia saini na saa. Anayeandika upya karatasi nzima baada ya mgonjwa kufa, huyo hana kazi tena.

Sasa sikilizeni habari za shajara. Wataalamu wa ndege walipoanza kuchunguza makusanyo ya ndege ya Meinertzhagen miaka ya 1990, waligundua kwamba mengi yalikuwa ya wizi. Alichukua ndege waliokusanywa na watu wengine, akabandika vitambulisho vipya, akaandika kwamba amewapata yeye, mahali na tarehe za uongo. Walioziangalia shajara zake wakakuta kurasa zimepigwa chapa upya miaka mingi baada ya matukio. Mwaka 2007 Brian Garfield alitoa kitabu kizima kuonyesha kwamba mengi aliyojisifia hayakutokea kama alivyosema.

Hata unabii wake. Katika kitabu chake anasema alimwambia Kamishna Charles Eliot kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika na kwamba iko siku Wakikuyu watainuka. Wapo Waafrika wanaompenda kwa maneno hayo. Lakini kitabu kilitoka 1957, Mau Mau imekwisha kupita. Utabiri unaochapishwa baada ya tukio mimi kama muuguzi siutii saini.

Kwa hiyo juu ya kilima kile tuna shahidi mmoja aliyeandika, na shahidi huyo alikuwa na mazoea ya kubadilisha karatasi. Upande wa pili kuna wazee walioiweka habari kinywani, kizazi hadi kizazi, na kwa miaka mingi wakaambiwa kinywa si ushahidi. Mahakama tatu za uchunguzi zilimsikiliza nani? Zilikuwa za nani?

Nitasema jambo langu kidogo. Nilipokuwa mgeni nchi hii, kabla sijasajiliwa, nilifanya kazi katika nyumba moja ya kutunzia wazee. Usiku mmoja bibi mmoja alianguka, akakutwa chini asubuhi. Niliyekuwa chini yake akaniletea kitabu cha zamu akaniomba niandike kwamba nilimtazama saa tisa. Sikumtazama. Tulikuwa wawili kwa wazee wengi mno, na sikufika chumba kile. Viza yangu ilikuwa mikononi mwao. Niliandika.

Sikulala siku tatu. Siku ya nne nilirudi nikasema ukweli. Sikufukuzwa, ila zamu zangu zilipunguzwa mpaka nikaelewa, nikaondoka. Siwasimulii nipigiwe makofi. Siku tatu nilinyamaza, na kama bibi yule angekufa siku ya pili, uongo wangu ndio ungekuwa historia yake. Tangu siku ile sisemi "wakoloni wale" kana kwamba ni viumbe wa sayari nyingine. Mlango ule niliukanyaga.

Huo ndio uongozi ninaouelewa mimi. Kuamua haraka si kazi ngumu. Hata mlevi huamua haraka. Kazi ni kusema "nilikosa" wakati karatasi bado inaweza kusahihishwa, na kuwafanya walio chini yako wasiogope kukuambia kwamba umekosa.

KICHWA CHA KOITALEL, KICHWA CHA SONGEA

Yule dada wa Nandi alinipa jambo la mwisho usiku mmoja, tukinywa chai saa kumi alfajiri. Wanandi wanaamini kwamba Koitalel alikatwa kichwa na kikaletwa Uingereza. Fimbo zake za uongozi ndizo zilizothibitika: Meinertzhagen alizichukua, na mwaka 2006 mwanawe alizirudisha Kenya, zikapelekwa Nandi Hills kwenye kaburi la kumbukumbu na makumbusho yake. Kichwa wazee bado wanakidai.

Nikamwambia, dada, mimi ni mtoto wa Songea.

Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905, miezi mitatu kabla ya kilima cha Nandi. Wajerumani walichoma mazao mpaka njaa ikamaliza kazi. Wapo wanahistoria wanaokadiria waliokufa kufikia 300,000. Mwaka 1906 viongozi wetu wa Kingoni walinyongwa pale Songea, makumi yao, na Nduna Songea Mbano akiwemo. Na sisi tunasimuliwa kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani.

Wauguzi wawili, chumba kimoja cha chai, kila mmoja na kichwa anachokitafuta. Mpaka uliochorwa kati yetu Berlin na London haukutofautisha kitu.

Kisha ikaja wiki moja mwaka 2023. Mfalme Charles alikuwa Kenya kuanzia tarehe 31 Oktoba. Alieleza majuto makubwa kwa ukatili waliofanyiwa Wakenya, lakini neno la kuomba msamaha rasmi hakulitamka. Tarehe 1 Novemba, Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuwa Songea, pale kwenye makumbusho ya Maji Maji, akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kutafuta mabaki. Mama yangu alinipigia simu analia. Sikujua alilia kwa furaha au kwa uchungu, na nadhani naye hakujua.

Wapo humu watakaosema: ya kale yamepita, tudai barabara na hospitali. Nawaheshimu. Lakini angalieni mtoto wa Koitalel, Barsirian arap Manyei. Waingereza walimkamata 1923 na akakaa kizuizini hadi 1964, Kenya imeshapata uhuru. Miaka arobaini na moja. Mwaka 1905 haukuishia 1905.

Na angalieni Nanyuki. Mwaka 2012 dada yetu Agnes Wanjiru aliuawa, akatupwa kwenye shimo la maji machafu la hoteli, baada ya kuonekana na wanajeshi wa Kiingereza waliokuwa mazoezini. Mwaka 2019 hakimu wa Kenya aliona kwamba aliuawa na mwanajeshi au wanajeshi wa Uingereza. Septemba 2025 ndipo Mahakama Kuu ya Kenya ilitoa hati ya kumkamata raia mmoja wa Uingereza anayetuhumiwa. Miaka kumi na tatu. Mahakama itaamua nani alifanya. Mimi nauliza swali la muuguzi tu: katika miaka hiyo kumi na tatu, ni wangapi walijua, na nani alikuwa kiongozi wao?

KWENU VIJANA

Jeshi la Uingereza linaandikisha vijana wa Jumuiya ya Madola, na najua wawili watatu humu wamechukua fomu. Sikuja kuwazuia. Ni kazi, ina mshahara, na shangazi zenu tumefanya kazi ngumu zaidi kwa malipo madogo zaidi. Nawaomba jambo moja. Siku mtakapoambiwa hadithi za maofisa vijana shupavu wa zamani, ulizeni jina la aliyekuwa amesimama upande wa pili wa mkono.

Kwa wakubwa wenzangu nina maombi matatu, si mengi.

1. Kila mwenye mzee nyumbani ambaye bado anakumbuka alichosimuliwa, amrekodi. Simu zetu zinatosha. Andikeni jina, mahali, tarehe, na nani alimsimulia. Kama hukuandika, hukufanya.

2. Makumbusho na vyuo vya nchi hii hujibu barua. Tuziandike, Wakenya na Watanzania kwa pamoja, kuuliza wana nini kutoka kwetu na kilipatikanaje. Mimi najitolea kuandika ya kwanza.

3. Wenye vyeo makazini, hata kama ni cheo cha kusimamia watu wawili wa usafi: akija mdogo wako kukwambia umekosa, mshukuru kwanza, kasirika baadaye.

Yule mkufunzi wetu, nilimwendea mwisho wa siku ya pili nikamwambia habari za Koitalel. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza jina linaandikwaje, nikamwandikia kwenye karatasi yake. Mwezi uliofuata wenzetu wa kundi jingine walikwenda mafunzo hayohayo. Niliwauliza. Mfano wa maofisa bado upo, ila sasa, baada ya kuusema, anawauliza: "Na wale walioongozwa wengine, wale wa kule mlimani, wangesema nini?"

Ni kidogo. Lakini ameandika, na hakufuta.